Mtikise Kwanza

Wodini kwetu tulimwita Nukta, na jina hilo alilipata kwa kupigwa. Alikuwa hata hajazoea vyoo viko wapi, daktari mmoja akamwandikia kichanga dawa ya moyo, akaandika tano mahali palipotakiwa nukta tano. Yeye akamrudishia karatasi. "Daktari, hapa nukta imeanguka." Daktari alikuwa ametoka kupoteza mtoto chumba cha pili, macho mekundu. Akanyakua bakuli la chuma la kuwekea sindano akamvurumishia. Likampasua juu ya nyusi. Damu ikamwingia jichoni, akaifuta kwa mkono wa koti, akaiokota ile karatasi sakafuni, akamnyooshea tena. "Nukta, daktari." Yule bwana akaiweka. Kisha akakaa kwenye kiti cha wagonjwa akalia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa.

Mimi ndiye sista mkuu wa wodi ile, na niseme mapema, sina ulimi wa asali. Nimeona wafamasia wengi wakija na kuondoka, wamejaa maringo, hawajui kumshika mtoto, wanamkamata kama kuku wa sokoni. Huyu nilimshona jeraha mwenyewe siku ile na hakupepesa jicho. Nikamuuliza, "Wee, huumwi?" Akaniambia, "Naumwa sana, Sista. Endelea tu."

Alikuwa mfamasia kamili tayari, mwenye cheti na miaka yake ya kazi kwenye dirisha la kutolea dawa. Kwetu alikuja kusomea ubingwa wa dawa za watoto, mafunzo ya miaka miwili ambayo humo mtu haishi kwake, anaishi wodini. Kuna watu wanadhani mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa, ukate kidonge katikati na umemaliza. Thubutu! Ini la kichanga bado linajifunza kazi, figo zake ndiyo kwanza zinaamka, na dawa inayomtuliza baba mtu inamzika mtoto. Nusu ya dawa tulizokuwa nazo hazikutengenezwa kwa watoto. Nukta alizisaga kwenye kinu cha kaure, akazipima kwenye mizani iliyokuwa inachezeshwa hata na pumzi, akazichanganya na sharubati nzito, akazitia chupani. Alipopima hakutaka mtu amsemeshe. Mhudumu mmoja alimsalimia akiwa kwenye mizani, akarushiwa mchi.

Mkono mwepesi alirithi. Baba yake alikuwa mchinjaji, na mkono alioutumia machinjioni hakuuacha kule alipovua aproni. Tangu akiwa na kimo cha meza, Nukta alikuwa ndiye anayeingia kati ya baba na mama. Aling'olewa jino hivyo. Alivunjwa ubavu hivyo. Siku mama yake alipofariki, kwa ugonjwa na si kwa kipigo, baba akataka kumpiga hata daktari aliyeleta habari, na binti akasimama kati tena. Nilimuuliza kama bado anamwogopa yule mzee. Akacheka. "Mwenye hasira simwogopi, Sista, unamwona anakuja. Namwogopa mwenye haraka."

Dirishani kwake palikuwa uwanja wa ngumi. Pale kuna kioo chenye tundu dogo la kuongelea, na nyuma ya kioo kila mzazi anaamini mwanawe ndiye wa kwanza kufa. Wanapiga kioo kwa viganja. Wanatema mate. Bibi mmoja alipitisha fimbo kwenye tundu akamchoma nayo shingoni, eti binti anachelewesha makusudi. Nukta akaishika ile fimbo, akaivuta ikaingia yote, akaendelea kuhesabu matone. Bibi akabaki hana fimbo na hana la kusema. Mfamasia mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa mkufunzi wake, mzee mkavu asiyesifu mtu, alimwangalia siku hiyo akasema, "Huyu atafika." Kwake hayo yalikuwa maneno mengi mno.

Ilibaki kidogo sana amalize. Mitihani ameshafanya, wanasubiri tu mkufunzi atie sahihi yake.

Ndipo wakaja wale vijana wawili na mtoto wao wa kwanza, wa kiume, bado hajaweza kukaa. Mtoto alikuwa na degedege za mara kwa mara. Tulimlaza, zikatulia, tukampa ruhusa aende nyumbani na dawa ya maji. Baba alikuwa mchukuzi wa mizigo, kijana wa mabega mapana, mikono imekomaa kama mbao, na kwa mtoto wake alikuwa mjinga kabisa wa mapenzi. Alimwita "bosi". Alikuwa akimvua soksi amhesabie vidole, anamvisha, anamvua tena. Nilimfukuza wodini mara ngapi sijui, saa za kutazama wagonjwa zikiisha anajificha chooni. Mama alikuwa kimya, mwembamba, wa kutazama tu.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwa nimesimama mlangoni pa famasia nikidai dawa zangu, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Foleni imefika nje, watoto wanalia, mtu anagonga kioo. Mama amerudi kwenye benchi kumbadilisha mtoto nepi. Baba yuko dirishani, lakini shingo ameigeuza benchini, haangalii dirisha. Nukta akainua ile chupa aliyoitengeneza mwenyewe, ambayo unga wake hutuama chini ukawa kama tope. Akasema kwa sauti ya kupita kwenye kelele, na kwa heshima, kwa wingi, kama tunavyosema na wazazi wote wawili:

"Mtikise kwanza. Mtikise kwa nguvu haswa, maana dawa inalala chini, isipoamka haifanyi kazi. Ndipo mumpe."

"Kwa nguvu," akarudia yule baba.

"Kwa nguvu. Msione huruma."

Mimi nilisikia chupa. Nukta alikusudia chupa. Hata kibandiko cha chupa kiliandikwa "Tikisa kabla ya kutumia", tikisa nini hakikusema, hakijawahi kusema. Yule baba, macho yake kwa mwanawe, alisikia mtoto. Ulimi wetu ndivyo ulivyo: mtikise ninyi, mtikise yeye, neno ni hilo hilo. Angesema "muitikise" yasingetokea. Silabi moja tu, jamani, silabi moja!

Walirudi kesho yake jioni, jua bado kali. Mama alitangulia, miguu mitupu, khanga imeanguka mabegani, mtoto mikononi amelegea kama nguo iliyofuliwa. Nilimpokonya. Utosi umevimba na kukaza, macho yamegeukia juu, mkono mmoja unarukaruka wenyewe. Nikaita daktari kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mochwari.

"Amefanywa nini huyu?"

"Baba yake," akasema mama. "Anamtikisa. Tangu jana kila akimpa dawa anamtikisa. Nikimzuia ananisukuma. Leo nikaita majirani. Nimewaambia ananiulia mtoto."

Majirani walikuwa wamekuja naye. Kelele ziliingia kwa madirisha. Walimburuta yule kijana kuanzia mtaani kwao, na langoni mlinzi alipojaribu kuwazuia wakampiga kofi moja kofia ikaruka. Sasa walikuwa naye uani kwetu, chini ya madirisha ya wodi, wanampiga kwa miguu ya viti, kwa mikanda, kwa mawe ya kingo za bustani. Aliyeongoza ni mjomba wa mtoto, kaka yake mama, fundi wa magurudumu, na spana yake ndefu mkononi. Nilichungulia mara moja tu. Yule baba amepiga magoti, sikio limechanika linaning'inia, na anapiga kelele neno moja lile lile.

"Niliambiwa! Niliambiwa nimtikise! Kamuulizeni mwenye dawa!"

"Anatufanya wajinga!" mjomba akafoka, spana ikashuka begani. Mfupa ule nilisikia ukivunjika nikiwa ghorofa ya kwanza.

Nukta alikuwa ameshafika kitandani, kwa sababu daktari alitaka dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, na kwa mwili mdogo namna ile hakuna anayethubutu kuichota bila yeye. Alikuwa ameshika bomba la sindano juu ya mwanga. Lile neno likaingia dirishani. Niliuona uso wake. Nimeona watu wakipigwa risasi wana uso wa afadhali kuliko ule.

"Sista," akasema polepole, "jana nilimwambia nini?"

Nikataka kudanganya, Mungu ananiona. Nikashindwa. "Ulisema mtikise."

Mkufunzi alikuwa nyuma yake. Mzee yule akili yake ilikuwa wembe, akaelewa hapo hapo. Akamshika kiwiko. "Ulisema kwa wingi, na ulisema Kiswahili sahihi. Kosa si lako. Maliza dozi, kaa kimya. Polisi wameitwa, watamtoa."

"Polisi watakuta maiti."

"Na wewe ukishuka watakuta mbili. Na ukisema hadharani, sahihi yangu haitakuwa na kazi tena. Hakuna baraza la wafamasia litakalokupa watoto. Unanielewa, mwanangu?"

Alirudi kwenye bomba. Na hapa ndipo nilipomjua yule binti ni mtu wa namna gani, kwa sababu chini pale mtu anauawa kwa neno lake, kila pigo tunalisikia, na mkono wake haukutetemeka. Alipima, akasoma kwa sauti, akanipa nisome, akasubiri nisome. Akanipa bomba. "Polepole, Sista. Usikimbize." Nikaanza kuisukuma. Kisha akavua koti, akaliweka mguuni pa kitanda, akatoka. Mkufunzi alimkamata mlangoni akasukumwa ukutani, mzee wa watu, miwani ikaanguka.

Yaliyofuata niliyaona kwa kupitia dirisha, sindano mkononi, jicho moja kwa mtoto.

Alipita katikati ya lile kundi bila kuomba njia. Alipigwa kiwiko cha mdomo akapita. Alipigwa mkanda mgongoni akapita. Akafika kwa yule baba, akapanua miguu juu yake, akasimama hivyo kama mtu anayelinda mlango, akapaza sauti.

"Ni mimi! Mwenye dawa ni mimi! Nilimwambia mtikise, nikimaanisha chupa! Hakudanganya!"

Mjomba mtu hakusikia, au alisikia na mkono ulikuwa umeshatoka. Spana ilikuja. Nukta akainua mkono wa kulia, ule wa kupimia. Kifundo kilivunjika, mfupa ukatokeza nje ya ngozi, na yeye akabaki wima. Mwanamke mmoja akapiga yowe. "Amesema ni yeye! Amesema ni yeye!" Na hapo, kama ilivyo desturi ya makundi, hasira ikatafuta pa kuhamia. Jiwe likampata Nukta ubavuni. Jingine paji la uso. Mtu akamvuta nywele.

"Nipigeni," akasema. "Lakini yeye mwacheni, anampenda mtoto wake."

Sijui wangemfanya nini. Waliacha kwa sababu ya yule baba. Alikuwa ameinuka kwa goti moja, uso wote damu, anamvuta Nukta sketi kama mtoto anayetaka kuuliza kitu.

"Dada," akasema. "Umesema chupa?"

Wengine bado mikono iko juu, haijashuka.

"Chupa, baba."

"Si mtoto?"

"Si mtoto."

Mpaka dakika ile, jamani, yule mtu alikuwa anaamini alifanya sawa! Alipigwa njia nzima akijua mwanawe amezidiwa na ugonjwa, na kwamba watu ni wajinga tu, hawajui maagizo ya hospitali. Nukta alishuka kumwokoa maisha, akamwokoa, na kwa maneno yale yale akamwambia ni mikono yake.

"Ulisema inalala chini," akasema. "Nikadhani ile ya asubuhi imelala tumboni, niiamshe. Mama yake alinishika. Nikamsukuma. Nikamwambia wewe unataka asipone." Akaiangalia mikono yake, akaigeuza. "Alikuwa analia, nikaongeza nguvu. Ulisema nisione huruma."

Kisha akaanza kuipiga. Aliubamiza mkono mzima kwenye ukingo wa saruji wa ngazi, kwa nguvu zile za kubebea magunia, akaubamiza tena, vidole vikaenda upande usio wake. Ule mwingine, wa bega lililovunjika, akautupa nao kwa mwili mzima. Sauti ilikuwa kama mtu anayepasua kuni. Nukta akajitupa juu yake, hana mkono wa kumshikia, akamlalia. Mjomba akadondosha ile spana, akamkumbatia kwa nyuma akamkandamiza kifuani. "Shemeji, basi. Shemeji, basi, basi." Wanaume wale waliokuwa wanamuua wakawa wanamlilia wote. Wanafiki wakubwa! Nilitamani nishuke niwachape mmoja mmoja, lakini sindano haijaisha.

Mtoto aliacha kurukaruka kabla sijamaliza kusukuma. Akapumua. Nilimwambia mama, naye hakunisikia. Alikuwa ameshika vyuma vya dirisha anaangalia chini, mumewe yuko chini ya watu, na anasema peke yake, "Nimewaita mimi. Nimewaita mimi."

Nukta alifungwa plasta kwetu kwetu. Mkufunzi alikuja na miwani yenye ufa, akakaa kando yake. Sahihi haikupatikana, baraza lilisema lile lile alilolisema mzee, ila kwa maneno marefu zaidi. Siku hizi yuko dirishani kwenye zahanati ya watu wazima, anatoa vidonge kwa mkono usiopinda vizuri. Nikienda kumsalimia tunataniana, namwita bingwa, ananiambia toka hapa unazuia foleni. Ninachukia kumwona pale. Nimelisema kwa baraza usoni, na kwa kulisema nimepata barua ya onyo, na nitalisema tena.

Ila siku ambayo hainitoki ni ile mtoto alipozinduka vizuri. Baba mtu alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, amekataa kuja. Amesema asiruhusiwe kumwona. Nikamwendea mwenyewe nikamshika ukosi wa gauni la hospitali nikamburuta, mikono yote miwili imefungwa plasta, mpaka kitandani kwa mwanawe. Mama alikuwepo. Nukta naye alikuwepo, ubavu umekazwa bandeji, hana ruhusa ya kugusa dawa tena na bado yuko pale.

Mtoto alikuwa macho, ametulia. Baba akasimama mbali, mikono ameificha mgongoni. Akamwinamia. Mtoto akaendelea kutazama darini. Akasogea upande huu, akasogea upande ule, mtoto anatazama dari.

"Amenikasirikia," akasema.

Mimi nilikuwa na tochi mkononi, ndiyo kwanza nimempitishia machoni, na mboni hazikuufuata mwanga. Mama akanitazama, akaona tochi, akaketi sakafuni.

"Hajakukasirikia, baba," Nukta akasema. "Haoni. Masikio yake mazima. Mwite."

Yule kijana akamwinamia mtoto tena.

"Bosi."

Kichwa cha mtoto kikageuka kikamtafuta, na mikono midogo ikainuka kutaka kubebwa. Baba akaruka nyuma mpaka ukutani, ameibana ile mikono yake mgongoni, anatikisa kichwa, na mtoto akaanza kulia.